Je, setilaiti yetu ibebwe na roketi iliyokwisha kuruka mara 18?

"Mhandisi, salaam. Sisi ni kikundi cha watu saba. Kwa miaka mitatu tumejenga setilaiti ndogo ya kilo 11, na sasa tumepata nafasi kwenye safari ya pamoja ya Falcon 9. Juzi tumeambiwa kwamba hatua ya kwanza itakayotubeba, yaani sehemu ya chini ya roketi, imekwisha kuruka mara 18. Mfadhili wetu amesita. Anasema hawezi kuweka jasho la miaka mitatu juu ya chombo kilichochakaa, tena mafuta ya kuirudisha roketi chini yamekatwa kwenye nguvu ambayo ingetufikisha sisi. Mwenzetu mwingine anauliza: kama kurudisha ni jambo jema kiasi hicho, mbona hatua ya pili wanaitupa? Tudai roketi mpya, tuhamie kwenye roketi ndogo ya peke yetu, au tukubali? Tafadhali usitujibu 'inategemea'."

Kubalini.

Mmenikataza kusema "inategemea", basi nimeanza na neno lenyewe. Maelezo yanafuata, na ni marefu. Ila naomba mfadhili wenu asiitupe hofu yake. Ana haki ya kuogopa, tatizo ni kwamba hofu ameiweka ghorofa ya chini wakati ilipaswa kukaa ya juu. Anaishuku hatua ya kwanza kwa kuwa imetumika, na hatua ya pili hata haimpitii akilini kwa kuwa ni mpya. Waswahili walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwenye roketi hii, kidonda kimekuwa karibu kila mara ndani ya kile kipya.

Tuanze na mtambo wenyewe. Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX ina urefu wa mita 70 na kipenyo cha mita 3.7, wembamba unaokaribia wa penseli. Ikijazwa ina tani kama 549, na zaidi ya tani 500 kati ya hizo ni vimiminika viwili: mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, na oksijeni. Oksijeni hupoozwa hadi nyuzi 207 chini ya sifuri na mafuta hadi nyuzi 7 chini ya sifuri, ili vishikamane na kuingia vingi zaidi kwenye matangi yaleyale. Ndiyo maana kazi ya kujaza huanza dakika 35 tu kabla ya kuruka: ukiviacha vikae, vinapata joto, vinavimba, na faida yote imeyeyuka.

Chini kuna hatua ya kwanza yenye injini tisa za Merlin. Juu yake kuna hatua ya pili, yenye injini moja ya ukoo huohuo iliyotengenezwa kwa kazi ya kwenye ombwe, kusiko na hewa. Juu kabisa kuna ganda la pua, vipande viwili vinavyoufunika mzigo usipigwe na hewa. Hatua ya kwanza hurudi na kutua kwa miguu yake minne. Vipande vya ganda hushuka kwa parachuti na kuopolewa baharini, na wana sababu ya kuhangaika navyo, kwani ganda moja hugharimu dola milioni 6 hivi. Hatua ya pili hairudi. Kila safari ina ya kwake, imetoka kiwandani, haijawahi kuruka.

Sasa nisahihishe jambo ambalo nadhani ndilo mzizi wa wasiwasi wenu. Mtu akisikia "imeruka mara 18" hupata picha ya chombo kilichozunguka dunia mara 18 na kurudi kimebabuka kwa moto. Sivyo. Hatua ya kwanza haifiki kwenye obiti, ile njia ya kuizunguka dunia, hata siku moja. Dakika mbili na nusu hivi baada ya kuruka, ikiwa kilomita 70 au zaidi kidogo juu, injini zake zinazimwa na inaachana na hatua ya pili. Wakati huo inakwenda kama kilomita 8,000 kwa saa. Ni kasi ya kutisha, lakini kukaa kwenye obiti kunahitaji kilomita 28,000 kwa saa. Tofauti ya mara tatu na nusu, mtasema. Kumbukeni nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kila kilo iliyo kwenye obiti imebeba nishati mara 12 ya kilo iliyo kwenye hatua ya kwanza pale inapoachia. Nishati hiyo ndiyo inayogeuka joto wakati wa kurudi. Ukilielewa hili moja umeshaelewa kwa nini ya chini inarudi na ya juu hairudi. Mengine ni maelezo ya ziada.

Hata kwa kasi hiyo "ndogo", kurudi si lelemama. Safari za mwanzo kabisa, mwaka 2010, SpaceX walitarajia kutumia parachuti. Hatua za kwanza zilivunjikavunjika zilipoigonga hewa nzito, kabla parachuti hazijapata nafasi ya kufunguka. Funzo lilikuwa kwamba lazima upunguze kasi kabla ya kukutana na hewa, na hapo juu hakuna cha kukupunguzia kasi isipokuwa injini zako mwenyewe.

Basi mambo huenda hivi. Baada ya kuachana, hatua ya kwanza hugeuzwa na vijipua vinavyopuliza nitrojeni baridi, ikatanguliza injini. Kama inarudi nchi kavu, huwasha injini tatu na kuugeuza mwendo wote kuelekea ilikotoka. Kama inatua kwenye tishari baharini, mamia ya kilomita mbele, uwashaji huo wa gharama haufanywi na roketi huuacha mwendo wake uipeleke. Ikikaribia hewa nzito huwasha tena injini tatu, kupunguza kasi na kuzuia sehemu ya chini isiungue. Kisha mapezi manne yaliyotobolewa kama wavu huyumbishwa huku na huku kuiongoza. Zamani mapezi hayo yalikuwa ya alumini, na yaliwahi kurudi yameliwa na moto pembeni. Tangu mwaka 2017 walianza kuweka ya titani.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda. Injini moja ya Merlin, hata ukiipunguza mpaka mwisho wake wa chini, bado inasukuma kwa nguvu ya kuinua zaidi ya tani 30, wakati roketi tupu yenyewe haifiki uzito huo. Kwa maneno mengine, haiwezi kuelea hewani ikitafuta mahali pa kutua kama helikopta. Injini ikiwashwa mapema mno, roketi itasimama juu kisha ianze kupanda tena. Ikichelewa, itaupiga uwanja. Lazima kasi ifike sifuri sekunde ileile ambayo kimo kutoka uwanjani kinafika sifuri. Mkiona mmweko wa kijani chini ya injini kabla moto haujatulia, hicho ni kimiminika cha kuwashia ambacho hushika moto chenyewe kinapokutana na oksijeni. Kikiisha, hakuna kiberiti kingine. Februari 2018, hatua ya katikati ya Falcon Heavy, roketi yenye hatua tatu za kwanza zilizofungwa ubavu kwa ubavu, iliishiwa na kimiminika hicho cha injini mbili za pembeni, ikaipiga bahari kando ya tishari.

Yote hayo yana gharama kwa chuma, na hapa mfadhili wenu ana hoja. Roketi inayorudi huchakaa kweli. Masizi ya mafuta ya taa hujikusanya kwenye njia za gesi. Magurudumu ya tabo (turbini) yanayoendesha pampu hupata joto kali, hupoa, hupata joto tena, na chuma kinachofanyiwa hivyo huota nyufa. Nyufa za aina hiyo ziliwahi kuripotiwa hadharani mwaka 2017, na toleo la sasa, liitwalo Block 5, lililoanza kuruka Mei 2018, lilikuja na marekebisho yake. Chupa za gesi yenye shinikizo kubwa hujazwa na kutolewa, hujazwa na kutolewa. Ndani ya miguu kuna kiini cha alumini chenye vyumba kama sega la nyuki, ambacho kazi yake ni kupondeka kikipokea kishindo, kikipondeka, kinabadilishwa.

Lakini kuchakaa na kuharibika ni vitu viwili. Fundi yeyote wa mitambo mikubwa atawaambia kwamba vifaa hufa kwa makundi mawili. Kuna vinavyokufa vichanga: skrubu haikukazwa, waya ulibanwa, kipande kilitoka kiwandani na kasoro isiyoonekana. Na kuna vinavyokufa kwa uzee. Katikati kuna kipindi kirefu cha utulivu. Kitu kipya kabisa, ambacho hakijawahi kupata mtikisiko halisi wa safari, bado hakijavuka kile kipindi cha vifo vya utotoni. Hatua yenu ya kwanza ilikivuka zamani. Swali linalobaki juu yake ni kama imekaribia uzee, na hilo lina namna ya kupimwa, nitalirudia.

Tuzitazame safari zilizopotea, maana ndizo zinazosema kweli kuliko mahesabu yangu.

Tarehe 28 Juni 2015, Falcon 9 iliyobeba shehena ya Kituo cha Kimataifa cha Anga ilisambaratika sekunde 139 baada ya kuruka. Ndani ya tangi la oksijeni la hatua ya pili, kishikizo cha chuma kilichoizuia chupa ya heliamu kilikatika kikiwa kwenye mzigo mdogo kuliko kilichoandikiwa kuhimili. Chupa ikachomoka, tangi likapasuka. Hatua ya kwanza ilikuwa bado inasukuma vizuri.

Tarehe 1 Septemba 2016, roketi ililipuka ikiwa bado imesimama uwanjani Florida, ikijazwa mafuta kwa ajili ya jaribio la injini, na setilaiti ya AMOS-6 ikateketea nayo. Chanzo kilikuwa tena chupa ya heliamu ya hatua ya pili: oksijeni ilinaswa kati ya utando wa ndani na nyuzi za kaboni zilizoizungushia chupa. Ukiuliza kwa nini setilaiti ilikuwa juu ya roketi wakati wa jaribio tu, jibu ni kwamba ilikuwa njia ya kuokoa muda. Baada ya hapo wateja hawakutamani tena kuokoa muda kwa namna hiyo.

Julai 2024, baada ya safari zaidi ya 300 mfululizo bila kupoteza mzigo, setilaiti 20 za Starlink, mtandao wa intaneti wa SpaceX wenyewe, zilizoruka kutoka Vandenberg, California, ziliachwa chini mno na zikaanguka. Kineli cha kihisi cha shinikizo kilikuwa kimepata ufa kwa sababu ya mtikisiko wa injini na kibanio kilicholegea; oksijeni ikavuja. Kwenye hatua gani? Ya pili.

Mara tatu mzigo wote umepotea, na mara zote tatu chanzo kilikuwa kwenye hatua iliyotoka kiwandani. Mbili za kwanza zilitokea kabla roketi yoyote ya aina hii haijatumiwa mara ya pili. Ya kwanza kurushwa tena ilikuwa tarehe 30 Machi 2017, ikiwa na setilaiti ya SES-10.

Sitaki mfadhili wenu aseme nimemficha upande wa pili. Kurudia kutumia kumewahi kuleta hitilafu zake. Machi 2020 injini moja ya hatua ya kwanza ilizimika kabla ya wakati, ikiwa safari ya tano ya roketi hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba kimiminika cha kusafishia kilikuwa kimebaki kwenye kijishimo cha kihisi na kikashika moto. Yaani iliumizwa na ukarabati wenyewe! Februari 2021 kifuniko laini kinachoizunguka injini, kilichokuwa kimeruka mara nyingi kuliko vingine vya aina yake, kilitoboka, gesi moto ikaingia, injini ikazimika. Katika visa vyote viwili setilaiti zilifika obitini. Kilichopotea ni roketi: haikutua.

Hapo ndipo lilipo jibu la yale mafuta "yaliyokatwa". Ni kweli kuna ushuru. Falcon 9 isiyorudisha kitu hubeba hadi kilo 22,800 kwenye obiti ya chini. Inayotua kwenye tishari imezoea kubeba zaidi kidogo ya tani 17. Karibu robo ya uwezo imekwenda kwenye kutua. Ila safari ya pamoja kama yenu haikaribii kabisa mipaka hiyo. Mzigo wote kwa jumla ni tani chache, na ndiyo maana katika nyingi ya safari hizi hatua ya kwanza hupata anasa ya kurudi mpaka nchi kavu, njia inayokula mafuta kuliko zote. Zaidi ya hayo, akiba ya mafuta ya kutua haiko upande wa pili dhidi yenu. Injini ikizimika njiani, zile nane huendelea kuwaka kwa muda mrefu zaidi, na kompyuta haiwazi kutua mpaka mzigo uwe salama. Roketi ya kutupwa iliyopakiwa mpaka pomoni haina akiba hiyo. Ningekuwa mfadhili wenu, ningeyahesabu mafuta hayo kama bima ambayo hajalipia.

Kuhusu hatua ya pili kutupwa, mwenzenu ameuliza swali zuri kuliko anavyodhani. Chukua kilo moja ya ngao ya joto, uifunge kwenye hatua ya pili. Hatua hiyo inafika obitini pamoja na setilaiti, kwa hiyo kilo hiyo imeondoa kilo nzima ya setilaiti. Ukiifunga kilo hiyohiyo kwenye hatua ya kwanza, inayoachwa njiani mapema, mzigo hupungua kwa sehemu ndogo tu ya kilo. Ongezeni yale mara 12 ya nishati: ngao, mafuta ya kubreki, miguu, mapezi, vyote vinene zaidi na vyote vikilipiwa bei kamili. Kwa roketi ya ukubwa huu, baada ya kuilinda hatua ya pili ungebaki na nafasi ndogo mno ya kuuza. SpaceX waliwahi kulitamani jambo hilo kwa Falcon 9, wakaachana nalo na kulipeleka kwenye roketi yao nyingine, Starship, ambayo ni kubwa kiasi cha kuweza kumeza uzito huo.

Na si kila mwenye ujuzi anakubali kwamba hata hatua ya kwanza inalipa haraka. Elon Musk, mkuu wa SpaceX, aliandika mwaka 2020 kwamba kwa hesabu zake gharama hurudi kwenye safari ya pili, na ya tatu ni faida. Tory Bruno, aliyekuwa akiongoza kampuni shindani ya ULA, alishikilia kwamba inahitajika wastani wa safari 10 kwa kila roketi. Wala si ubishi wa bure. Vyombo vya Space Shuttle vya NASA, shirika la anga la Marekani, vilirudi na kutumika tena, safari 135 kati ya 1981 na 2011, lakini kila kimoja kilikuwa na vigae vya joto zaidi ya 24,000 vya kukaguliwa, na kukiandaa upya kuligharimu mno. Kurudisha chombo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudi nacho kikiwa hakihitaji kujengwa upya. Kwa upande wenu ubishi huo umepitwa na wakati, maana hata kipimo kigumu cha Bruno kilivukwa: roketi ya kwanza kufikisha safari 10 ilifanya hivyo Mei 2021, na kufikia 2025 zinazoongoza zilikuwa zimepita 30.

Nilisema uzee una namna ya kupimwa. SpaceX hutumia safari zake yenyewe za Starlink kusukuma mpaka wa umri. Roketi kongwe kuliko zote hubeba mali ya kampuni. Zikirudi hufunguliwa, hukaguliwa, na zinachofundisha hutumika kwa zile changa. Kwa hiyo namba 18 peke yake haina maana kubwa. Kinachoeleza ni umbali kati ya 18 na ile inayoongoza. Kama nyingine zimeshapita 30 kwa vipuri vya aina ileile, ninyi mnatembea kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa. Ingekuwa roketi yenu ndiyo inayoongoza, ningewaandikia barua tofauti.

Wateja waoga kuliko ninyi wameshapita njia hiyo. NASA ilikubali roketi iliyotumika kwa shehena ya kituo cha anga Desemba 2017, na ikapandisha wanaanga juu ya iliyotumika Aprili 2021. Roketi iliyowapeleka wanaanga wa kwanza wa Falcon 9 mnamo Mei 2020 iliendelea kufanya kazi mpaka safari yake ya 19, Desemba 2023. Ilitua salama, kisha upepo na mawimbi vikaiangusha juu ya tishari ikiwa njiani kurudi bandarini. Imekufa ajali ya baharini, kama chombo chochote cha baharini.

Sasa chaguo zenu. Kudai hatua ya kwanza mpya: kwa kilo 11 kwenye safari ya pamoja hamna sauti hiyo, na mngekuwa nayo nisingewashauri muitumie. Kuhamia roketi ndogo ya peke yenu, mathalan Electron ya Rocket Lab: hili si wazo la kipuuzi. Mnapata obiti mnayoitaka hasa, na tarehe haivutwi na setilaiti za watu wengine. Lakini mnalipa mamilioni ya dola kwa roketi nzima. Safari za pamoja za Falcon 9 zilipotangazwa mwaka 2019, bei iliyowekwa baada ya marekebisho ya mwanzo ilikuwa dola milioni 1 kwa kilo 200, na ingawa imekuwa ikipanda tangu hapo, bado ni bei ya daraja jingine kabisa. Kama kazi ya setilaiti yenu inahitaji kupita juu ya mahali fulani saa fulani, na obiti ya safari ya pamoja haitoi hilo, hameni. Kama sababu pekee ni umri wa roketi, bakini.

Kuna hatari moja ya kweli ya kuwa abiria wa pembeni, na sijaona mkiitaja. Oktoba 2012 injini moja ya hatua ya kwanza ya Falcon 9 ilikufa angani. Chombo cha Dragon, mzigo mkuu, kilifika kituoni. Lakini setilaiti ndogo ya majaribio ya kampuni ya Orbcomm, abiria wa pembeni, ilihitaji hatua ya pili iwashwe tena, na kanuni za usalama wa kituo cha anga zilikataza kuwashwa huko kama akiba ya mafuta imepungua chini ya kiwango. Haikuwashwa. Setilaiti iliachwa chini na ikaungua siku chache baadaye. Kwa hiyo someni mkataba mjue: mambo yakienda mrama, nani anatangulia? Kwenye safari ambayo wote ni wadogo, kama ile ya Januari 2021 iliyobeba vyombo 143 kwa mpigo, hakuna mzigo mkuu wa kuwapiku. Kama yenu ni ya namna hiyo, mko pazuri. Kama mmepachikwa kando ya mkubwa mmoja, ulizeni.

Maswali hayo msiyaulize kwa barua pepe. Ombeni kikao cha ana kwa ana na meneja wa safari wa kampuni inayowaunganisha na roketi, mwende na michoro, na mumwombe awaonyeshe hatua ya pili itawashwa mara ngapi kabla ya zamu yenu kuachiwa. Bima ni suala la dalali wa bima za anga, si langu. Mfadhili amwone, na kama dalali hapandishi ada kwa sababu ya zile safari 18, hilo nalo ni jibu la mtu anayehatarisha fedha yake mwenyewe. Masafa ya redio yana mamlaka yake, na kibali chake huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Hapo msinisikilize mimi, tafuteni mwanasheria.

Na kuna mahali pamoja pa kwenda kabla ya kote huko. Nimefanya kazi miaka mingi upande wa shehena, yaani upande wenu. Mara moja tulipeleka chombo chetu kwenye meza ya mtikisiko wiki mbili kabla ya kukikabidhi. Sekunde ya arobaini hivi tukasikia kitu kikigonga ndani, tik tik tik, kama punje kwenye kopo. Tukatazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Tulipofungua tukakuta skrubu ya milimita 3 imejitoa. Mmoja wetu, na leo naweza kukiri ni mimi, alikuwa amesahau kuipaka gundi ya kuzuia kulegea. Ilikuwa imeegemea bodi ya betri. Roketi mpya isingetusaidia kitu. Viwango vya mtikisiko mnavyotakiwa kupimia havibadiliki kwa umri wa hatua ya kwanza, kwa hiyo kawekeni chombo chenu kwenye meza ya kweli, mbele ya mtu asiye wa kikundi chenu, na zile fedha ambazo mfadhili alikuwa tayari kuongeza kwa ajili ya roketi mpya aziongeze hapo.

Siku yenyewe mtakuwa mbele ya skrini. Baada ya dakika mbili na nusu picha itagawanyika, upande mmoja hatua ya kwanza ikianza kurudi, upande mwingine mdomo wa injini ya hatua ya pili, wenye umbo la kengele, ukiiva rangi ya chungwa. Chumba kizima kitaangalia inayorudi, na ikitua kama dakika nane baada ya kuruka watu watapiga makofi na kuanza kukumbatiana. Ninyi kaeni. Macho yawe kwenye ile ya chungwa: ikizimwa kwa wakati, ikawashwa tena ilipopangiwa, na baada ya karibu saa nzima likatajwa jina la chombo chenu kwamba kimeachiwa, hapo simameni.